Majani Yaliyogeuka Askari

Mwaka 383, Fu Jian, mtawala wa dola ya Qin ya Awali iliyoshika kaskazini ya China, alishuka na jeshi kubwa ili kuiteka dola ya Jin ya Mashariki iliyokuwa kusini. Kikosi chake cha mbele kilishindwa. Ndipo alipopanda juu ya boma la mji wa Shouyang akatazama: askari wa Jin wamejipanga barabara, na nyuma yao mlima Bagong, ambao kila jani na kila mti wake aliuona kuwa ni askari. Jeshi la Jin lilikuwa dogo kuliko lake, lakini hofu ilikwisha kumwingia.

Wakuu wa Jin waliomba jeshi la Qin lirudi nyuma kidogo ili wao wavuke mto Fei, wapigane. Fu Jian alikubali, akikusudia kuwashambulia wangali majini. Lakini askari wake walipoanza kurudi, ilipigwa kelele kwamba Qin imeshindwa, na kurudi kukawa kukimbia. Usiku waliposikia mvumo wa upepo na milio ya korongo walidhani adui yu nyuma yao. Dola ile haikuinuka tena. Fu Jian aliuawa mwaka 385.

Habari hizi zimo katika kitabu cha historia ya Jin kilichokamilishwa mwaka 648, miaka 265 baada ya vita, kwa hiyo si lazima tuamini kila jani. Hata hivyo, lugha ilizipokea. Hadi leo Mchina humsema mtu anayeona adui kila mahali kwa maneno manne: *cao mu jie bing*, yaani majani na miti, vyote askari. Waswahili nao husema aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Wachina wana methali iliyo ndugu yake kabisa, ila kwao anayeumwa na nyoka huogopa kamba ya kisima, tena kwa miaka kumi!

Wasiwasi wa kila siku una neno la upole zaidi: *danxin*. *Dan* ni kuchukua mzigo begani, *xin* ni moyo. Na anayetaka kumtuliza mwenzake humwambia *fangxin*: utue moyo.