Mdalasini Chini ya Meru

Kamba wapikwao Kichina mjini Arusha hurowekwa kwanza katika tangawizi, kitunguu saumu, sosi ya soya na unga wa viungo vitano, kisha huchomwa juu ya makaa. Mtu wa pwani awaonjapo hudhani anakutana na Uchina kwa mara ya kwanza. Sivyo. Miongoni mwa viungo hivyo vitano umo mdalasini, na jina lenyewe ni ushahidi: Waajemi waliuita darchin, yaani mti wa Uchina, Waarabu wakalitohoa, mabaharia wakatuletea. Kila pilau iliyotiwa mdalasini Unguja imeitaja Uchina bila mpishi kujua. Imo pia karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku. Wachina waliifahamu tangu enzi ya Han, ilhali Pemba iliistawisha katika karne ya 19 tu, tena kwa jasho la watumwa. Harufu hiyo tamu ina deni.

Mgeni hasa ni kamba mwenyewe. Arusha imeinuka kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Waarusha walikuwa na ng'ombe wao, Wameru na migomba yao, na hapana aliyengoja kitoweo cha maji chumvi. Reli ya kutoka Tanga ilifika mjini mwaka 1929, lakini kamba huoza upesi mno. Barafu ndiyo iliyompandisha mlimani. Kwa kuwa amesafiri mbali, mpishi mwema hamwachi sana katika soya, chumvi isije ikafunika ladha chache ya bahari iliyosalia.