Tonge la Kwanza la Mtoto: Safari ya Viungo Hadi Mbagala

Hekalu linapoadhimisha mwaka wake, ni desturi kukumbuka waasisi, wafadhili na jiwe la msingi. Makala haya yanaomba nafasi ndogo kwa ajili ya jiko, ambako akina mama na nyanya wamehifadhi sehemu kubwa ya historia yetu bila kuiandika.

Miongoni mwa ibada za maisha ya Mhindu imo Annaprashan, yaani kumlisha mtoto nafaka kwa mara ya kwanza. Sheria za Manu, zilizotungwa yapata miaka 2,000 iliyopita, zinaitaja ifanyike katika mwezi wa sita. Mtoto huvishwa nguo mpya, dua husomwa, kisha huonjeshwa wali laini uliopikwa kwa maziwa. Kwa Wabengali, mjomba ndiye hushika tonge hilo. Baada ya siku hiyo hufuata khichdi: mchele na choroko vilivyopondeka, samli kidogo, chembe ya manjano, bizari nyembamba iliyokaangwa, na mvuje usiozidi ncha ya kisu. Pilipili husubiri.

Viungo hivyo vilifika pwani yetu zamani. Mwaka 1331 Ibn Battuta alikaribishwa Mogadishu kwa wali wa samli, achari ya ndimu na tangawizi mbichi, kisha akaendelea hadi Kilwa, mji uliolipa jina barabara ipitayo Mbagala. Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walikutana Malindi na Wahindi waliowaambia kwamba hawali nyama ya ng'ombe. Pepo za kaskazi zilileta majahazi, na majahazi yalileta manjano na iliki. Mvuje, utomvu wa mmea wa Uajemi na Afghanistan, ulikuwa mgeni India kama ulivyokuwa mgeni kwetu.

Katika kupokea huko kila jamii ilikuwa na njia yake. Mama wa Kigujarati humpaka mtoto mvuje kitovuni tumbo linapojaa upepo. Mama wa pwani humfungia mwanawe mvuje ili kumkinga na macho mabaya. Kitu ni kimoja, na shaka ya mzazi ni moja. Leo iliki hutoka milima ya Usambara, na manjano hulimwa Zanzibar na Morogoro.

Historia hii ina funzo kwa nyumba zetu. Mara nyingi husikika uani kwamba maziwa hayamtoshi mtoto, naye akapewa uji akiwa na miezi mitatu. Wataalamu wenyewe waliwahi kusema miezi minne hadi sita. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukahimiza maziwa ya mama pekee hadi miezi sita kamili. Wazee wetu walikwisha kuupanga mwezi huo kuwa wa sherehe, na sherehe ikawa kizuizi cha haraka: hakuna aliyethubutu kutangulia siku iliyopangwa.

Ipo pia tahadhari ambayo wazee hawakuihitaji. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba nchini Bangladesh manjano yalikuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Bibi zetu walinunua mizizi mizima, wakaiosha, wakaianika na kuitwanga kwa kinu. Inafaa turudie kazi hiyo. Tuanze na kiungo kimoja, tungoje siku chache kabla ya kuongeza kingine. Chumvi tuiache, na asali isimguse mtoto kabla hajatimiza mwaka.

Siku ya Annaprashan hekaluni, jirani asiye wa dini yetu naye hualikwa. Akija na mwanawe, tumwambie habari ya miezi sita na ya kinu. Hiyo nayo ni sadaka, tena ya kumfaa mtoto maisha yake yote.