Etiketi ya njano: namna watu wa Uingereza wanavyotafuta chakula cha bei ya chini na kusaidiana

Katika mikoa ya mashariki mwa Kongo, familia nyingi ziko na ndugu Ulaya. Wanapompigia simu juu ya pesa ya masomo ao ya hospitali, naye anajibu kwamba mwezi huu hana kitu, wengi hawaamini. Wanauliza: mtu anayelipwa kwa pauni anakosa namna gani?

Sehemu ya jibu iko katika magazini kubwa za chakula za Uingereza, saa za jioni. Huko, wafanyakazi wa hospitali, madereva wa basi, wanafunzi na wazee wa pensheni wanazunguka mbele ya etajeri za mikate na nyama, wakingojea mfanyakazi wa magazini abandike etiketi ya njano. Etiketi hiyo inaonyesha kwamba bei imeshushwa. Nyuma ya tabia hiyo kuna elimu nzima, na kuna watu maelfu ambao hawajaonana uso kwa uso lakini wanapeana habari za bei kila siku kwa njia ya intaneti.

Kwa nini watu wa nchi tajiri wanahesabu senti

Kutafuta bei ya chini si jambo jipya kule. Lakini tangu mwaka 2022 limegusa watu wengi zaidi. Kiisha vita ya Urusi na Ukraine kuanza Februari ya mwaka huo, bei ya gesi na umeme ilipanda sana. Mwezi wa Oktoba 2022, kupanda kwa bei kwa jumla kulifika 11,1 kwa mia kwa mwaka, kiasi ambacho Uingereza haikuwa imeona kwa miaka 40 hivi. Kwa chakula ilikuwa mbaya zaidi: Machi 2023 kilipita 19 kwa mia. Maana yake, chakula kilichonunuliwa kwa pauni 100 mwaka uliotangulia kilitaka sasa pauni 119. Kiisha hapo mwendo wa kupanda ulipungua, lakini bei hazikurudi pale zilipokuwa.

Mshahara wa chini kabisa unaokubaliwa na sheria, kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, ulikuwa pauni 12,21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Ukihesabu kwa franga za Kongo unaona ni pesa nyingi. Lakini mwenye kuupata analipa nyumba, kodi ya serikali, umeme, joto la nyumba wakati wa baridi na usafiri, vyote kwa bei ya kule. Mara nyingi chakula ndicho peke yake anachoweza kupunguza, kwa sababu mwenye nyumba hakubali kupunguziwa.

Wengine hawafiki hata hapo. Shirika la Trussell, ambalo lilifungua benki yake ya kwanza ya chakula katika mji wa Salisbury mwaka 2000, liligawa vifurushi vya chakula zaidi ya milioni 3 kati ya Aprili 2023 na Machi 2024. Benki ya chakula ni fasi ambapo chakula kinachotolewa na raia na magazini kinagawiwa bure kwa wenye kukosa.

Namna etiketi inavyofanya kazi

Magazini inapunguza bei kwa sababu moja: chakula kinachokaribia tarehe yake ya mwisho kitatupwa, na kutupa ni hasara. Mara nyingi bei inashuka kwa hatua. Asubuhi ao adhuhuri inaondolewa sehemu ndogo. Jioni, kama bidhaa bado iko, inashushwa tena, na mbele ya kufunga inaweza kubaki robo ya bei ya kwanza ao chini ya hapo. Kila magazini iko na saa yake, na ndiyo maana wenye kuokoa pesa wanaulizana: pale kwenu wanabandika saa ngapi?

Sheria ya nchi nayo inaleta siku nzuri. Kwa Uingereza yenyewe na Wales, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu magazini kubwa kufungua saa sita tu siku ya Mungu. Siku hiyo bei zinashuka mapema. Tena magazini kubwa hazifunguliwi siku ya Noeli wala siku ya Pasaka. Kwa hiyo jioni ya tarehe 24 Desemba na ya Jumamosi kabla ya Pasaka ni saa ambazo vyakula vingi visivyoweza kungoja vinauzishwa karibu na bure. Siku hizo hizo, magazini zinashindana kwa mboga: katika miaka ya karibuni, mbele ya Noeli, mfuko mdogo wa karoti ao wa viazi uliuzishwa chini ya peni 20. Magazini inapata hasara kwa karoti, lakini inajua kwamba aliyefuata karoti atanunua pia nyama na vinywaji.

Tarehe mbili ambazo si sawa

Somo la kwanza ambalo mwenye kuanza anapewa na wenzake ni kusoma tarehe. Iko ya namna mbili. Ya kwanza, « use by », inahusu usalama: kiisha siku hiyo chakula kisiliwe, hata kama hakina harufu mbaya, na sheria inakataza kukiuzisha. Iko juu ya nyama, samaki na vyakula vingine vinavyoharibika upesi. Ya pili, « best before », inahusu ubora tu. Kiisha siku hiyo biskuti inaweza kupoteza ladha, lakini haimfanyi mtu mgonjwa kama imetunzwa vizuri, na kuiuzisha kunaruhusiwa.

Ndiyo maana mwenye konjelatere iko na faida. Nyama yenye etiketi ya njano ikigandishwa mbele ya tarehe yake kupita, inaweza kungoja majuma mengi. Bila konjelatere, etiketi hiyo hiyo inaomba nyama ipikwe usiku huo huo.

Mbinu tatu zingine

Etiketi ya njano peke yake haitoshi, kwa kuwa hakuna anayejua itakuta nini. Wenye uzoefu wanategemea zaidi mbinu tatu.

Ya kwanza ni kushuka ngazi moja. Mwandishi wa habari Martin Lewis, aliyeanzisha MoneySavingExpert mwaka 2003 na kuiuzisha kwa kampuni kubwa mwaka 2012, ndiye aliyeieneza. Mtu aliyezoea bidhaa ya jina kubwa ajaribu ile yenye jina la magazini yenyewe. Aliyezoea ya magazini ajaribu ile ya bei ya chini kabisa. Kama nyumbani hakuna anayeona tofauti, anabaki hapo. Kama wanaiona, anarudi juu kwa kitu hicho tu. Mbinu hiyo ni kati ya mambo yaliyosaidia magazini za Kijerumani Aldi na Lidl, zilizofika Uingereza mwaka 1990 na 1994 na bidhaa chache zenye majina makubwa. Mwaka 2022 Aldi ilipanda hadi nafasi ya nne kati ya magazini kubwa za nchi.

Ya pili ni kusoma bei ya kilo. Sheria ya mwaka 2004 inaomba magazini ziandike, pembeni ya bei ya pakiti, bei ya kilo ao ya litre. Pakiti ya gramu 500 kwa pauni 1,50 ni pauni 3 kwa kilo. Ya gramu 800 kwa pauni 2 ni pauni 2,50. Lakini si kila mara kubwa ndiyo rahisi. Kuna siku pakiti ndogo iko na promosio, na anayebeba kubwa kwa mazoea anapoteza.

Ya tatu ni kadi ya magazini. Tesco ilianzisha kadi yake mwaka 1995. Leo magazini nyingi zinaandika bei mbili: ya mwenye kadi na ya asiye nayo. Watu walishuku kwamba bei ya kawaida inapandishwa kwanza ili punguzo lionekane kubwa. Mamlaka ya serikali inayochunga ushindani wa biashara, CMA, ilichunguza bidhaa karibu 50.000, na Novemba 2024 ilitangaza kwamba punguzo lilikuwa la kweli kwa 92 kwa mia ya bidhaa. Hata hivyo ilishauri watu walinganishe, kwa sababu bei ya kadi si lazima iwe ya chini kuliko ya magazini nyingine.

Kusaidiana: nguvu ya kupashana habari

Mtu mmoja hawezi kuzunguka magazini kumi. Watu kumi wanaweza, kila mmoja moja, kiisha wakaambiana. Huo ndio msingi. Lakini mazungumzo yanayoanza na bei ya mkate hayaishii kwa mkate. Mmoja anasema amebaki na pauni 15 mpaka mwisho wa juma na watoto wawili. Wengine wanamuuliza iko na nini katika kabati, kiisha wanamtungia chakula cha siku saba kwa mchele, dengu na karoti alizo nazo. Wengine wanatangaza mbele ya wenzao kiasi watakachotumia mwezi mzima, kusudi wapate aibu ya kukipita. Yule mwenye deni anaelekezwa kwa mashirika yanayotoa shauri bila malipo, kama StepChange na Citizens Advice, mbele hajaangukia mikononi mwa wakopeshaji wa riba kubwa. Mama mwenye mimba ao mwenye mtoto chini ya miaka minne, mwenye kipato kidogo, anaambiwa aulize kadi ya Healthy Start, msaada wa serikali wa kununua maziwa, matunda na mboga.

Kuna pia programu za simu. Olio, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2015, inamwezesha jirani kutangaza chakula alichobakiza ili mwingine akichukue bure. Too Good To Go, iliyozaliwa Denmark mwaka huo huo, inauzisha kwa bei ya chini kifurushi cha vitu ambavyo mkate ao restora haikumaliza siku hiyo.

Mara moja moja sauti hizo zinagusa hata wakubwa. Januari 2022 Jack Monroe, aliyejulikana tangu 2012 kwa kuandika namna ya kulisha mtoto kwa pesa kidogo, alilalamika hadharani kwamba bidhaa za bei ya chini kabisa zinapotea kwenye etajeri, na kwamba kupanda kwa bei kunamuumiza maskini kuliko hesabu za serikali zinavyoonyesha. Mwezi uliofuata kampuni ya Asda ilitangaza kwamba itaweka bidhaa zake za bei ya chini katika magazini zake zote 581.

Mipaka yake

Mambo haya hayamsaidii kila mtu sawasawa. Anayefanya kazi usiku hawezi kungoja etiketi ya jioni. Anayeishi mbali analipa basi, na tikiti inaweza kupita punguzo lenyewe. Mwenye umeme wa kulipia mbele anaogopa kuwasha konjelatere. Tena bei iliyoshuka iko na mtego: kununua kwa nusu bei kitu ambacho hukuhitaji si kuokoa, ni kutumia. Kuna pia matapeli wanaotuma vocha za uongo zenye jina la magazini kubwa ili wapate namba za benki. Na kwa wale wanaochukua etajeri nzima, wenzao wako na kanuni moja: chukua ya nyumba yako, ingine uache, nyuma yako kuna mtu.

Kwa familia za Kivu na Ituri

Kati ya 2004 na 2020, mpango wa Uingereza ulioitwa Gateway ulipokea wakimbizi waliotoka katika kambi, na Wakongomani walikuwa kati yao. Sheffield ulikuwa mji wa kwanza kuwapokea. Wengi wao wanaishi kwa hesabu hizi hizi: etiketi ya njano jioni, na likelemba kati yao mwisho wa mwezi.

Hapa kwetu magazini za etiketi ya njano ni chache, lakini hesabu ni moja. Anayenunua maharagwe kwa guigoz ao kwa kopo anaweza kulinganisha na bei ya mfuko mzima. Familia tano zikinunua pamoja mfuko wa mchele wa kilo 25, kila moja inabeba kilo tano kwa bei ya jumla. Majirani wanaoandikiana kwa WhatsApp bei ya sukari na mafuta ya kila soko wanaokoa miguu na pesa ya moto, mradi mega isiwe ghali kuliko faida.

Habari ya tarehe nayo inafaa hapa. Kwenye pakiti zenye Kifaransa, « à consommer jusqu'au » ni tarehe ya usalama, na « à consommer de préférence avant » ni ya ubora. Pakiti ambayo tarehe yake imefutwa ao kubandikwa upya isinunuliwe kwa bei yoyote. Kuchunguza ubora wa bidhaa zinazoingia nchini ni kazi ya OCC.

Kwa wale wanaongoja msaada kutoka Uingereza, hesabu moja inatosha. Mtu anayepunguza pauni 5 kwa chakula kila juma anapata pauni 20 mwisho wa mwezi. Mara nyingi pesa inayofika Uvira, Butembo ao Bunia imetoka hapo: katika mkate wa jioni, wenye etiketi ya njano.