Joka Mkononi mwa Baharia

Mwaka 1881 manowari ya Uingereza HMS Bacchante ilitia nanga Japani ikiwa na wajukuu wawili wa Malkia Victoria, vijana waliokuwa wakijifunza ubaharia. Mdogo wao, George, alikuwa na miaka 16. Aliposhuka nchi kavu alichorwa tatoo, akarudi na joka la buluu na jekundu mkononi. Mwaka 1910 alirithi kiti cha ufalme, na joka lake chini ya mkono wa koti.

La kuchekesha ni kwamba wakati huo tatoo zilikuwa marufuku Japani. Serikali ya Mfalme Meiji ilizipiga marufuku mwaka 1872 ili Wazungu wasiione nchi kuwa ya kishenzi. Kumbe Wazungu haohao ndio waliopiga hodi kwa wachoraji wa Yokohama!

Joka walilolifuata halikuwa lile la hadithi za Ulaya, la kutema moto na kulalia dhahabu. La Japani ni la majini na mawinguni, na ndilo liletalo mvua. Mwaka 1827 msanii Utagawa Kuniyoshi alianza kuchapa picha za mashujaa wa Suikoden, hadithi iliyotoka China, akawachora baadhi yao migongo imejaa majoka na mawimbi. Wazimamoto wa Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, waliipenda sana michoro ya namna hiyo. Sababu iko wazi: anayepigana na moto humtaka mwenye maji awe upande wake. Baharia naye alikuwa na haja zake.

Kwa mabaharia wa Uingereza na Marekani, ngozi ilisomeka kama hati ya safari. Joka lilimtangaza aliyehudumu katika bahari za Asia. Likiwa la dhahabu, amevuka meridiani ya 180. Kasa alikuwa wa aliyevuka Ikweta na kupitishwa katika jando la melini, ambako baharia mkongwe hujifanya Neptune, mungu wa bahari, na kuwatesa wageni kwa mizaha. Nguva mwenye kifua cha mwanamke hakuthibitisha safari yoyote. Huyo alichorwa kwa uchu tu, labda na hofu kidogo.

Uchu huo ulileta balaa mwaka 1909, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipoamua kuwakataa vijana wenye michoro ya aibu, isipokuwa waikarabati kwanza. Wachoraji wakageuka mafundi cherehani, wakiwavisha nguo wanawake wa wino. Mashine ya umeme ya kuchorea, iliyosajiliwa na Samuel O'Reilly wa New York mwaka 1891, iliirahisisha kazi hiyo.

Aliyezileta pamoja pande hizi mbili, ule wa Kijapani na ule wa mabaharia, kwa ustadi ni Norman Collins, aliyejulikana kama Sailor Jerry. Kule Honolulu alichora nanga, meli na nguva za Kimarekani, huku akiandikiana barua na Horihide, fundi wa Japani, kujifunza rangi na mpangilio wa majoka. Alifariki mwaka 1973, na jina lake sasa limebandikwa kwenye chupa za ramu.

Japani iliondoa marufuku mwaka 1948. Hata hivyo, mabafu mengi ya umma huko bado humkatalia mlangoni mtu mwenye joka mgongoni, awe baharia au asiwe.