Mhuri wa Mpira katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Msomaji, ikiwa umepata kuomba msaada wa karo, bila shaka uliwahi kusimama mlangoni pa ofisi ya chifu ukiwa na fomu mkononi. Chifu aliisoma, akaandika maneno machache, akatia sahihi yake. Lakini wewe hukuondoka. Ulingoja mpaka alipofungua mtoto wa meza, akatoa kipini cha mti chenye uso wa mpira, akakigandamiza kwanza katika kijaluba cha wino, kisha juu ya karatasi. Hapo ndipo uliposhukuru na kwenda zako. Nataka tuitazame historia ya kitu hicho kidogo, hasa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands, ambako wino wa ofisi umepata kumfunga mtu na kumfungua.

Neno mhuri ni la kale kuliko mpira wenyewe. Lilitufikia kutoka lugha ya Kiajemi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na watu wa pwani yetu walizijua barua zenye mhuri wa pete kabla reli haijafika Nairobi mwaka wa 1899. Mhuri wa namna ile ulichongwa katika madini au jiwe. Mpira ulikuwa haufai kwa kazi hiyo, kwa kuwa ulilainika na kunata wakati wa joto na kukauka na kupasuka wakati wa baridi. Mwaka wa 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hupata uimara bila kupoteza ulaini wake. Baada ya hapo mafundi wa Marekani waliweza kuchapa herufi juu ya mpira. Fundi alipanga herufi za risasi, akazikandamiza katika plasta ili zifanye kalibu, kisha akaujaza mpira mbichi katika kalibu ile na kuuchoma chini ya uzito. Ukiutazama uso wa mhuri utaona maneno yamegeuka kinyume kama yanavyoonekana katika kioo. Yakipigwa juu ya karatasi ndipo yanaposomeka.

Sasa turudi Nairobi. Pumwani, mtaa wa kale kuliko yote iliyosalia katika Eastlands, ulianzishwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920 ili Waafrika wakae mahali pamoja panapoangaliwa. Wakati huo huo sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka wa 1915, ilikuwa imeanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila Mwafrika mwanamume aliyetimiza miaka kumi na sita alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama ya kidole chake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachwa. Fikiri maana ya jambo hili. Mtu aliyeondoka bila mwajiri wake kuandika kwamba amemwacha hakuweza kuajiriwa kwingine, tena alihesabiwa mtoro na kushtakiwa. Riziki yake ilitegemea mkono wa mtu mwingine juu ya karatasi ambayo pengine yeye mwenyewe hakuweza kuisoma. Kipande kilikuwa moja ya manung'uniko ya Harry Thuku na wenzake, na Thuku alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, umati uliokusanyika kudai afunguliwe ulipigwa risasi. Wengi walikufa. Kipande kilibaki. Sheria mpya ya mwaka wa 1947 ndiyo iliyowataka watu wa mbari zote waandikishwe, wala si Waafrika peke yao.

Lakini kuna upande wa pili, nao hutajwa mara chache. Waliozoea kuandikwa na wengine walianza kuunda vyama vyao wenyewe, na chama hakikosi katibu, daftari na mhuri. Tarehe 1 Mei 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha umoja wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Serikali ilikataa kuuandikisha. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano na kudai uhuru kamili wa nchi hizi. Kabla mwezi wa Mei haujaisha yeye na Kubai walikuwa wamekamatwa. Hapa pana tofauti ambayo ningependa uishike: chama kinaweza kujitengenezea mhuri kwa siku moja, bali cheti cha kukubaliwa na serikali hakitoki kwa fundi.

Miaka minne baadaye, alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, majeshi yaliuzunguka mji katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Katika mitaa ya Eastlands milango iligongwa nyumba hata nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa katika malori, wakachujwa, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini, wengi wao Mackinnon Road na Manyani. Karatasi aliyokuwa nayo mtu siku ile haikuwa jambo dogo. Watu waliotoka nyumbani kwa miguu yao wenyewe hawakurudi kwa miaka.

Leo sheria haikazi sana mambo ya mihuri. Tangu mwaka wa 2020 kampuni za Kenya hazilazimiki tena kuwa na mhuri wa kampuni, na huduma nyingi za serikali hupatikana kwa kompyuta. Hata hivyo nenda kwa wachapaji wa River Road, au katika vibanda vya nakala huko mitaani, utakuta watu wanangoja mihuri yao: ya kanisa, ya duka la dawa, ya kikundi cha kuzikana. Risasi na plasta zimeachwa. Siku hizi mashine ya mwanga huchonga mpira kwa dakika chache. Fundi mwaminifu hudai kwanza cheti cha kuandikishwa na kitambulisho cha mwenye kuagiza. Asiye mwaminifu hudai fedha tu, ingawa kutengeneza mhuri wa ofisi ya serikali bila idhini ni kosa la jinai.

Niliwahi kufuatana na kina mama wa kikundi kimoja cha Makongeni kuchukua mhuri wao wa kwanza. Fundi aliupiga juu ya gazeti, nao wakauinamia wote pamoja. Jina lilikuwa limekosewa herufi moja. Mpira haufutiki, ukachongwa upya, nasi tukangoja juani. Uliporudi, mwenyekiti aliamuru kwamba mhuri ukae kwa mweka hazina na kijaluba cha wino kikae kwa katibu, ambao nyumba zao ziko mbali. Binti mmoja alisema kwa adabu, "Lakini mama, wino si unauzwa dukani?" Mwenyekiti akamjibu kwamba hilo alilijua, alitaka tu anayenuia kuwaibia alazimike kwenda dukani kwanza.