Sitolojia ya Mfyonzo: Sindano Inayotoa

Mgonjwa akiambiwa atachomwa sindano, hufikiria dawa inayoingia mwilini. Sindano ya kuchunguzia uvimbe wa mirija ya nyongo haiingizi dawa, inatoa seli. Ndiyo maana, katika kuipatia jina la Kiswahili, kitenzi kisichofaa kuachwa ni kufyonza. Istilahi ninayoipendekeza ni sitolojia ya mfyonzo, yaani uchunguzi wa seli zilizofyonzwa kwa sindano nyembamba.

Wengi huiita biopsi tu, na hapo maana hupotea. Biopsi ya kawaida hukata kinyama, na kinyama huja na mpangilio wake, seli zimekaa safu kwa safu kama matofali ukutani. Mfyonzo huleta tofali mojamoja.

Sindano hiyo, ambayo unene wake haufiki milimita 1, mara nyingi hupitishwa ndani ya endoskopi kutoka mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, ikiongozwa na ultrasaundi. Daktari huisogeza mbele na nyuma ndani ya uvimbe. Tone linalotoka hupakwa kwenye slaidi, hutiwa rangi, kisha husomwa kwa hadubini. Mwanapatholojia hukitazama kiini cha seli: je, kimekuwa kikubwa kupita kiasi? Ukingo wake umekunjamana? Seli zimerundikana ovyo?

Saratani ya mirija hii, kolanjiokarsinoma, ni adimu, na kuisoma ni kazi. Hujizungushia nyuzi ngumu, hivyo sindano huweza kutoka na seli chache mno. Tena, mawe ya nyongo huchubua ukuta wa mrija hadi seli salama zikafanana na za saratani.

Aliyewahi kupasua kuku anajua kwamba nyongo ikitoboka, nyama huingia uchungu. Madaktari nao wana hadhari yao: sindano iliyochoma uvimbe wa mrija inaweza kudondosha seli za saratani njiani. Katika Mayo Clinic, Marekani, mwenye saratani kwenye makutano ya mirija akishachomwa kupitia uwazi wa tumbo, hakubaliwi katika mpango wao wa kupandikiza ini.

Basi jina liseme kazi. Anayejua kwamba amefyonzwa seli ataelewa kuwa "hatukuona seli za saratani" si sawa na "huna saratani", naye atauliza swali la maana: je, zilitoka seli za kutosha?