Tumbawe Moja, Majina Matatu

Kuna tumbawe moja la mviringo, limejaa vishimo kama sega la nyuki. Linapatikana kuanzia Bahari ya Shamu mpaka Pasifiki, na hapa pwani yetu pia lipo. Mwaka 1775 liliandikwa kwa jina la Madrepora favus. Baadaye, kwa miaka mingi, likawa Favia favus. Siku hizi wataalamu wanaliita Dipsastraea favus. Kwa wanaofuga matumbawe nyumbani kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, hilo na binamu zake huuzwa kwa jina la "ubongo", basi, lipa uende. Tumbawe lenyewe halijabadilika. Kilichobadilika ni kitu ambacho watu waliamua kukiangalia.

Aliyelipa jina la kwanza ni Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki na mwanafunzi wa Linnaeus. Mwaka 1761 alipanda meli na msafara uliotumwa Arabuni na mfalme wa Denmark. Akafika Bahari ya Shamu, akakusanya mimea, samaki na matumbawe, halafu malaria ikamuua Yemen mwaka 1763 akiwa na miaka 31. Wenzake wakafa mmoja mmoja. Aliyerudi ni Carsten Niebuhr peke yake, na ndiye aliyechapisha maandishi ya rafiki yake mwaka 1775. Favus ni Kilatini, maana yake sega. Forsskål aliona alichokiona.

Lakini kilichofika Ulaya kwenye masanduku ya wasafiri kama hao kilikuwa mifupa. Tumbawe gumu likiwa hai ni mnyama: lina nyama laini, vinywa na minyiri ya kukamatia chakula, na chini yake linajijengea kiunzi cha chokaa. Ukilitoa majini, nyama inaoza na jiwe linabaki. Kwa hivyo makumbusho yakajaa mawe, na wataalamu wakajifunza kuyatofautisha kama mtu anayejaribu kumtambua jirani kwa kuangalia fuvu lake. Hata hilo la unyama lilileta ubishi. Miaka ya 1720, daktari mmoja wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, alisema "maua" ya marijani ni wanyama. Wakubwa wa sayansi kule Paris wakamcheka. Ilibidi miongo ipite ndipo wakubali kwamba jamaa alikuwa sahihi.

Sasa, wa kwanza kukaa na matumbawe magumu yakiwa hai nyumbani, kwa muda wa kutosha kuyachunguza, hakuwa profesa. Alikuwa mama mmoja wa London, Anna Thynne. Mwaka 1846 alitoka pwani ya Torquay na matumbawe madogo akayabeba hadi mjini. Akayashonea kwenye sponji kwa sindano na uzi yasianguke. Maji ya bahari hayakuwa ya kubadilisha kila siku, kwa hivyo mtumishi wake alikuwa akiyamimina huku na huku karibu na dirisha ili yapate hewa. Mwaka uliofuata akaongeza mwani. Matumbawe yakaishi, yakazaana, na mwaka 1859 ripoti yake kuhusu kuongezeka kwao ikachapishwa. Mambo mengi aliyoyaandika usingeweza kuyaona kwenye jiwe lililolala kabatini.

Njia hizo mbili, ya mifupa na ya nyama, zimeshindana tangu hapo.

Wa mifupa walikuwa na kanuni zao, na kusema kweli si mbaya. Angalia vile vishimo vya "ubongo" wetu. Kila kishimo ni nyumba ya polipu mmoja. Kama kila nyumba ina ukuta wake na kuna nafasi kati yake na ya jirani, kama bangaloo kwenye estate, kitabu kilisema hiyo ni Favia. Kama majirani wanashiriki ukuta mmoja, kama vyumba vya ploti, hiyo ni Favites. Mpaka leo ndiyo hatua ya kwanza kwa mtu mwenye tangi na kioo cha kukuzia. Rangi haikusaidii sana: tumbawe lile lile linaweza kuwa kijani leo, na likikosa mwanga wa kutosha likageuka kahawia.

Umbo nalo linadanganya. Miaka ya 1970, Mwaustralia Charlie Veron alipoanza kupiga mbizi badala ya kusubiri mawe mezani, aliona spishi moja ikiwa nene kwenye mawimbi na nyembamba kwenye kina kilichotulia. Makumbusho yalikuwa yameyapa maumbo kama hayo majina tofauti. Wenye matangi nao wanalijua hili: kata tawi moja vipande viwili, weka kimoja chini ya taa kali na kingine kivulini, baada ya muda utadhani ni mtu na shemeji yake.

Kuna mahali nyama ilishinda kabisa. Matumbawe yanayoitwa "nyundo" na "mayai ya chura", ambayo wafugaji wanayapenda sana, yana mifupa inayofanana mno. Yakiwa hai, minyiri ya moja ina ncha kama nanga, na ya lingine ina matawi. Veron na Michel Pichon waliyapa majina mwaka 1980, Euphyllia ancora na Euphyllia divisa, na tofauti kubwa ilikuwa hiyo minyiri. Yakifa, utambuzi unakufa nayo.

Halafu DNA ikaingia, ikavuruga pande zote mbili. Mwaka 2004 Hironobu Fukami na wenzake walionyesha kwamba matumbawe ya Atlantiki na ya Pasifiki yaliyowekwa familia moja kwa sababu ya kufanana mifupa hayakuwa ndugu wa karibu. Jina Favia likabaki Atlantiki. Ya kwetu yakarudishiwa jina la zamani lililokuwa limelala, Dipsastraea. Nyundo na mayai ya chura nayo yakahamishwa mwaka 2017, sasa ni Fimbriaphyllia.

Unaweza kusema, haya ni majina tu, yananihusu nini? Tangu 1990, matumbawe magumu yote yako chini ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Kwa kuwa utambuzi ni mgumu, kwa aina nyingi kibali kinaruhusiwa kutaja jenasi tu. Ni kama karatasi ya mizigo inayosema "mbuzi" bila kusema wa nani. Spishi adimu inaweza kupita humo pamoja na ya kawaida, na hakuna atakayejua ipi inaisha.

Na hapa nyumbani, joto la El Niño la 1998 lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, hayakufa kwa usawa. Yenye matawi, kama Acropora na Pocillopora, yaliumia zaidi. Porites ya mviringo, ile ile ambayo mafundi wa zamani wa Uswahilini waliichimba ikiwa laini wakaichonga mihrabu, ilistahimili vizuri zaidi. Anayejua neno "matumbawe" pekee angesema mengine yalikufa, mengine yakabaki, akaishia hapo. Anayejua majina anaweza kukwambia ni mwamba wa aina gani tuliopoteza, samaki gani walikosa matawi ya kujificha, na nini cha kuangalia joto likirudi. Na joto linarudi.